Wauzaji wa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Tunduma: waondolewe au watengewe nafasi?

Mtoa mada:

Ndugu wadau, je, ni haki kuwaita wavamizi wanaouza vitunguu Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula na chakula Chalinze kila barabara kuu inapotaka kutanuliwa? Nasema si haki, na sababu yangu ya kwanza ni historia ya barabara yenyewe, inayofika Tunduma mpakani mwa Zambia.

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) walijitangazia uhuru, na haikupita miezi miwili Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilitegemea njia za kusini, ikajikuta imebanwa. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, katika njia ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa ya udongo, matope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Lami iliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA, zote mbili za kwenda Zambia, ikajengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Sasa tazameni tofauti: bomba halimlishi mtu njiani, na treni husimama stesheni tu, lakini dereva wa lori husimama aliposhikwa na njaa au usingizi, na hapo ndipo mama lishe alipoinjika sufuria yake, akafuatiwa na fundi wa matairi, kisha mwenye gesti. Mabanda hayo hayakuja kuiingilia barabara iliyokwisha kutulia. Yalikua pamoja nayo, na ndiyo yaliyowalisha waliokuwa wakiiokoa Zambia.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza upana wa hifadhi ya barabara kuu, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Kwa mwenye nyumba, rangi ya alama ya X ukutani, kijani au nyekundu, humwambia kama atalipwa fidia au la. Mwenye meza ya mbao hana hata ukuta wa kuchorewa X. Na mpango wa barabara ya haraka ya kulipia kutoka Kibaha hadi Morogoro ukitekelezwa bila kumtaja, magari yatampita kwa kasi ambayo hakuna dereva atakayefikiria kusimama. Tumekwisha kuona dalili zake: barabara ya Bagamoyo hadi Msata ilipowekwa lami, magari mengi ya Tanga na Arusha hayakulazimika tena kupita Chalinze.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mtoa mada, historia uliyoieleza naikubali, ila mimi ni dereva wa njia hiyo kwa miaka mingi na kinachonitisha ni watoto. Basi likipunguza mwendo, kijana mwenye ndoo ya nyanya kichwani hulikimbilia akiwa anatazama madirisha, hatazami lori linalokuja nyuma, nami nikiwa na mzigo wa tani nyingi siwezi kusimama ghafla. Tena tusisahau Msamvu, mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka na moto ukaua watu zaidi ya 100, wakiwamo waliokuwa kando ya barabara kwa shughuli zao za kila siku. Mita 30 hazikuwekwa kwa chuki. Zimewekwa ili gari likiacha njia lisikute watu.

Mtoa mada:

Nakushukuru, kaka, na juu ya watoto sina la kukupinga. Msamvu, hata hivyo, watu wengi waliifuata petroli iliyokuwa ikimwagika. Msiba ule unatudai elimu na uzio wa haraka wa eneo la ajali, haututhibitishii kwamba meza ya vitunguu ndiyo kosa. Kijana wa nyanya hukimbia kwa sababu basi halina mahali pa kuegesha. Lingekuwa na mahali, angengoja.

Mchangiaji wa pili:

Naomba niongeze jambo ambalo wanaume mnalipita. Mimi nimelelewa kwa vitunguu vya mama yangu mzazi kando ya barabara hiyo. Katika mji wetu lilijengwa soko zuri lenye paa na vizimba, lakini likawekwa ndani, mbali na lami, na abiria aliyepewa dakika kumi za kuchimba dawa hakuweza kulifikia. Wakina mama walikaa humo wiki chache, vitunguu vikaanza kuchipua, wakarudi barabarani na kufukuzwa upya. Na tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, mengine huwapita wauzaji saa nane za usiku, au husimama kwenye hoteli kubwa tu ambako mama wa ndoo haruhusiwi kuingia getini.

Kwa hiyo swali la waondolewe au wabaki mimi naliona halijakamilika. Wahandisi huchora mizani, madaraja na vituo vya mafuta kabla mkandarasi hajapatikana. Wachore pia maegesho marefu ya kutosha mabasi na malori kadhaa, yaliyotengwa na njia kuu kwa ukingo, na vizimba vikae palepale gari linaposimama, vikiwa na choo, maji na taa za usiku. Vizimba hivyo wapewe kwanza wale wanaouza hapo leo, kwa orodha itakayoandikwa na serikali ya kijiji na kubandikwa hadharani kabla greda la kwanza halijafika.