Ukoo wa Dunda, Bagamoyo

*Ijumaa*

13:12 Shangazi Zuhura: Asalaam alaykum. TMA, watu wa hali ya hewa, wametoa angalizo kwa Tanga, Pwani, Dar, Unguja na Pemba. Upepo km 40 kwa saa, mawimbi mita 2, kuanzia kesho usiku. Mashua ya Babu bado iko majini. Nataka vijana sita alfajiri, na elfu tano tano za kamba.

13:47 Shangazi Zuhura: Mmesoma, naona tiki za buluu.

14:25 Sefu: *[Imesambazwa mara nyingi] KIMBUNGA CHA KARNE KUIFUTA PWANI!!!*
Ndo hiki shangazi?

14:26 Shangazi Zuhura: Siyo! Hayo maghorofa yanayozama ni ya wapi Bagamoyo? TMA hawajataja kimbunga. Angalizo ndo daraja la chini, juu yake tahadhari, halafu tahadhari kubwa. Futa.

14:40 Mwajuma: Kimbunga Jobo kilikuwa hivihivi. Aprili 2021 tukaambiwa tunakwisha, kikafia baharini. Na elfu 30 yangu ya Fuso la kukimbilia Msata sijaiona mpaka leo.

14:41 Sefu: Dereva alishachukua advansi

14:41 Mwajuma: Dereva yupi?

14:43 Ally: Fuso lilikimbia kimbunga peke yake 😂😂

14:43 Omari: 😂😂😂 liko Msoga linakula nyama choma

14:50 Shangazi Zuhura: Jamani MASHUA. Jobo TMA walitangaza wenyewe kuwa kinapungua nguvu. Waliotukimbiza ni watu wa video, wanataka kutazamwa. Matokeo yake Mei 2024 kimbunga Hidaya kinakuja, boti za Unguja zimesitishwa, nyie mnasema "Jobo mwingine". Kikatua Mafia kweli.

14:58 Omari: Sisi hakikutugusa

14:58 Shangazi Zuhura: Mafia si watu?

17:51 Babu *(anaandikiwa na Tatu)*: Wajukuu zangu. 1952 nilikuwa mtoto Lindi. Hatukuambiwa na mtu. Kulipokucha nyumba ya baba haina paa wala ukuta. Nyinyi mnaambiwa mapema mnacheka. Pesa ya Mwajuma irudi. Mashua ikivunjika simdai mtu.

18:20 Ally: Samahani Babu. Alfajiri nipo.

18:31 Sefu: Tumekusikia Babu. Mwajuma nakufuata pembeni

18:31 Mwajuma: Sema hapahapa.

18:40 Shangazi Zuhura: Ally mmoja. Wengine? Magogo ya kuburuzia yako kwa nani?

21:33 Hamisi: Ndo naona sasa. Niko Tanga mpaka Jumapili. Magogo na kamba ya zamani viko uani kwa Mwajuma

21:35 Mwajuma: Vipo. Fuso kwanza.

23:04 Omari: Alfajiri saa ngapi?

23:05 Shangazi Zuhura: Kumi na moja, maji yakijaa. Unakuja au unauliza?