Gharama ya kiwanda salama na kisafi Bangladesh ailipe nani?

Mleta hoja: Nguo ni zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya nje ya Bangladesh, na biashara hiyo imewapatia ajira mamilioni ya watu, wengi wao wanawake waliotoka vijijini. Kwa maoni yangu, uimara wa majengo na maji machafu ya viwandani ni jukumu la serikali ya Dhaka na wenye viwanda. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani akibanwa mno atapeleka oda zake nchi nyingine, na watakaoumia ni wafanyakazi hao hao.

Mchangiaji: Ndugu mleta hoja, kuhusu ajira nakubaliana nawe, lakini hitimisho lako silikubali hata kidogo. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo huko Savar, karibu na Dhaka, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Benki iliyokuwa na tawi humo iliwaondoa watu wake, ilhali washonaji waliamriwa kuingia kazini asubuhi iliyofuata, baadhi yao wakitishiwa kukatwa mishahara. Inauma zaidi kwamba baadhi ya viwanda vilivyokuwamo vilikwisha kupitiwa na wakaguzi waliotumwa kwa ajili ya wanunuzi, na ukaguzi huo wa hiari haukuokoa mtu.

Kilichobadilisha hali ni mkataba wa Accord wa Mei 2013 kuhusu usalama wa majengo na kinga dhidi ya moto viwandani, uliotiwa saini na vyama vya wafanyakazi pamoja na kampuni zinazonunua nguo, ambazo baadaye zilizidi 200. Ulikuwa na nguvu ya kisheria, na uliwataka wanunuzi kuhakikisha kwamba fedha za matengenezo zinapatikana. Viwanda zaidi ya 1,600 vilikaguliwa. Wanunuzi hawakukimbia, mauzo ya nguo yaliendelea kukua katika miaka iliyofuata.

Kwenye mazingira, mzigo umebaki kwa Bangladesh peke yake, na matokeo tunayaona. Viwanda vya ngozi vya Hazaribagh, mtaa wa Dhaka, vilihamishiwa Savar mwaka 2017 ili kuunusuru mto Buriganga, lakini kwa kuwa mtambo wa kusafisha majitaka ulikuwa haujakamilika, uchafu uliishia katika mto Dhaleshwari. Mwenye kiwanda anayeshushiwa bei kila msimu atatoa wapi fedha za kusafisha maji ya rangi? Na ikiwa mkataba uliweza kuwabana wanunuzi kuhusu nguzo na milango ya dharura bila kuwafukuza, wewe unaona kizuizi gani cha kuwabana vivyo hivyo kuhusu mito?