Ukulele za kale: nichukue Nunes, Kumalae au Martin?

Mkusanya_Nyuzi: Wakuu, naomba ushauri. Nina pesa ya ukulele moja tu ya zamani, kile kigitaa kidogo cha Hawaii, na kwa kuwa niko California, zote tatu naweza kwenda kuzishika. Majina ni ya waundaji wake. Ya kwanza ni M. Nunes & Sons ya koa, mbao ya Hawaii, ina lebo ndani na ufa mrefu mgongoni. Ya pili ni Kumalae, koa pia, haina ufa. Ya tatu ni Martin, modeli ya Style 1, ya mahogani, ya miaka ya 1920, safi kabisa. Kumalae ndiyo bei nafuu. Moyo wangu uko kwa Nunes.

BintiSeremala: Moyo wako naujua. Manuel Nunes alishuka Honolulu mwaka 1879 na meli ya Ravenscrag kutoka Madeira, pamoja na Augusto Dias na José do Espírito Santo, wote maseremala. Walikuja kwa mkataba wa mashamba ya miwa, baadaye wakarudi kwenye randa. Walichukua machete, kigitaa cha kwao cha nyuzi nne, wakakiunda upya kwa koa. Lebo za Nunes humwita mvumbuzi wa ukulele. Hapo namkatalia, maana Dias na Santo nao walikuwa na karakana zao. Ila Santo alifariki 1905, Dias 1915, na Nunes akaishi hadi 1922, ndiyo maana kazi yake huonekana zaidi. Siku ukikuta ya Dias, nunua kwanza, utatuuliza baadaye.

KoaNaGundi: Nenda na tochi na kioo kidogo cha mkononi. Mimi niliuziwa "Nunes" mtandaoni. Miezi kadhaa baadaye pembe ya lebo ikabanduka, nikaona chini yake kivuli cha lebo nyingine, kikubwa kuliko karatasi iliyobandikwa. Iliniuma sana.
Ufa unaofuata mkondo wa mbao usikutishe, fundi mzuri anauziba kwa gundi ya ngozi. Tazama daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye ubao wa mbele. Ubao wa mbele ukiwa umevimba nyuma yake, huenda kuna mtu aliwahi kufunga nyuzi za chuma. Ukulele hizi za kale ziliundwa kwa nyuzi za utumbo, mbao zake nyembamba mno.

Mzee_wa_Bandari: Mbona Kumalae mnaipita hivi hivi? Jonah Kumalae alikuwa Mhawaii mwenyewe, na mwaka 1915 ukulele zake zilipata tuzo ya dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya San Francisco. Akaiandika tuzo hiyo kwenye lebo, kwa hiyo ukiiona ujue chombo si cha kabla ya hapo. Ishike uone ilivyo nyepesi.

Kidole_Gumba: Kama unapiga, chukua Martin. Martin ni kampuni ya magitaa ya Marekani. Walijaribu ukulele mara ya kwanza 1907 wakakosea: waliiunda kama gitaa, uso wa mbao ya sprusi na viunzi vizito ndani, sauti ikafungwa. Walipoirudia 1916 kwa mahogani na kuipunguza uzito, ikatoka chombo ambacho sauti haipotoki hata ukipanda juu shingoni. Karibu zote hazina namba, kwa hiyo tafuta muhuri nyuma ya kichwa.

BintiSeremala: Kweli, lakini Martin ziliundwa nyingi. Hata mwakani ataipata.

Mkusanya_Nyuzi: Nimerudi, wakuu. Lebo ya Nunes ni halali, nimeizungushia kioo pande zote. Ila ubao umevimba nyuma ya daraja, kidole kinapanda kama kwenye mgongo wa kijiko. Nimeiacha, na imeniuma. Martin inaimba vizuri kuliko zote. Nimechukua Kumalae. Ndani, karibu na lebo yenye tuzo ya 1915, kuna tone la gundi lililotiririka likaganda kabla fundi hajalifuta. Nimelitazama muda mrefu.

KoaNaGundi: Hongera sana. Funga nailoni, na usizikaze zote siku moja.