Naomba ushauri: Death Magnetic inakwaruza, nichukue toleo lipi?

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa wanaoujua muziki wa thrash metal na mambo ya sauti.

Naipenda sana albamu ya Death Magnetic ya Metallica, ile ya 2008 iliyosimamiwa na prodyuza Rick Rubin. Kwangu ndiyo iliyowarudisha kwenye magitaa ya kasi baada ya albamu yao iliyotangulia, St. Anger. Shida ni sauti ya sidii yangu. "The Day That Never Comes" inaanza vizuri na gitaa la taratibu, lakini wimbo ukishachanganya kila kitu kinakwaruza, na ngoma ya mguu inasikika kama inapasuka.

Nimebadilisha hedifoni, nimepunguza sauti na besi, nimejaribu hadi kwenye redio ya gari: yale yale. Nilipoufungua wimbo kwenye kompyuta, mawimbi yake yamejaa juu hadi chini, vichwa vimekatwa bapa. Kwa hiyo tatizo limo kwenye rekodi yenyewe, si vyombo vyangu.

Najua nyimbo hizo ziliwekwa pia kwenye gemu la Guitar Hero zikiwa hazijabanwa kiasi hicho (yaani tofauti ya sauti ndogo na kubwa bado ipo), ila mimi nataka toleo rasmi la kusikiliza nyumbani.

Je, santuri yake ina nafuu kweli, au imetoka kwenye masta ile ile (rekodi ya mwisho inayotolewa nakala)? Na matoleo ya dijitali ya baadaye, ngoma zinasikika wazi zaidi? Santuri ni ghali na nauli ya mzigo iko juu, kwa hiyo ningependa kumsikia aliyezisikiliza zote.