Mwanasiasa kuzitetea kampuni za filamu wakati Seneti inazichunguza: mgongano wa maslahi ulianzia wapi?

Mwalimu_Makole:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Ninafundisha Historia kidato cha tano na cha sita katika shule moja hapa Dodoma mjini, na ninaandaa mdahalo wa wanafunzi kuhusu uhusiano wa wanasiasa na tasnia ya filamu. Kwa makusudi nimechagua mfano wa mbali, kwa sababu nikichukua wa hapa nyumbani, ambako kila msimu wa kampeni tunawaona wasanii wa Bongo Muvi na Bongo Fleva majukwaani, mdahalo utageuka kuwa wa vyama kabla mwenyekiti hajamaliza kuwatambulisha wasemaji.

Mfano wenyewe ni wa Wendell Willkie wa Marekani. Mwaka 1940 aligombea urais kwa tiketi ya chama cha Republican, akashindwa na Franklin Roosevelt. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba, kamati ndogo ya Seneti ilianza kuwahoji wakuu wa kampuni za filamu za Hollywood, ambazo zilituhumiwa kutengeneza picha za kuwachochea Wamarekani waingie vitani dhidi ya Ujerumani. Walioliibua jambo hilo walikuwa maseneta waliopinga nchi yao kujiingiza katika vita ya Ulaya, wakiongozwa na Gerald Nye wa North Dakota na Bennett Champ Clark wa Missouri. Kampuni zikamwajiri Willkie, ambaye kitaaluma alikuwa mwanasheria, azitetee. Ada inayotajwa mara nyingi ni dola 100,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Vikao viliahirishwa kabla Septemba haijaisha, Japani ikaishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji ya Marekani, tarehe 7 Desemba, Marekani ikaingia vitani, na uchunguzi ukafia hapo. Mwaka 1942 Willkie akawa mwenyekiti wa bodi ya Twentieth Century-Fox, mojawapo ya kampuni zile zile alizozitetea.

Swali langu ni hili: je, mwanasiasa ambaye bado ana ndoto ya urais anapojenga urafiki wa namna hiyo na tasnia iliyo chini ya uchunguzi wa serikali, tayari ameingia katika mgongano wa maslahi, au amefanya kazi halali ya uwakili na kulipwa jasho lake? Ningependa majibu yenye hoja, kwa kuwa nitayatumia darasani.

Wakili_AreaD:

Mwalimu, mada ni nzuri, ila ni lazima tuanze na hadhi ya mtu mwenyewe. Mwaka 1941 Willkie hakuwa na cheo chochote cha umma. Hakuwa seneta, hakuwa gavana, hakuwa waziri, na kwa kweli hakuwahi kuchaguliwa kushika wadhifa wa kiserikali maisha yake yote. Kabla ya kugombea urais alikuwa akiongoza kampuni kubwa ya umeme. Mgongano wa maslahi kisheria huambatana na madaraka. Hata kwetu, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya mwaka 1995, inawabana viongozi iliowataja, wakiwemo mawaziri na wabunge, na ndio wanaotakiwa kupeleka tamko la mali na madeni kwa Kamishna wa Maadili. Mtu aliyegombea akashindwa, akarudi ofisini kwake kufanya uwakili, ni raia kama mimi na wewe, na raia ana haki ya kuajiriwa.

Jambo la pili ni uhalali wa uchunguzi wenyewe, na hapa ndipo ninapoona Willkie alikuwa na hoja nzito kuliko ada aliyolipwa. Azimio la Nye na Bennett Champ Clark la kutaka uchunguzi huo lilikuwa halijapigiwa kura na Seneti nzima. Kilichofanyika ni kwamba kamati ya biashara baina ya majimbo, chini ya Burton Wheeler, ambaye naye alipinga vita, iliunda kamati ndogo ya watu watano, ikampa uenyekiti D. Worth Clark wa Idaho, kisha ikaanza kuita mashahidi kwa maelezo kwamba inaangalia tu kama uchunguzi unahitajika. Hebu fikirini kamati ya Bunge letu hapa Dodoma ianze kuhoji watu kabla Bunge halijaipa hadidu za rejea. Zaidi ya hapo, Willkie alinyimwa nafasi ya kuwahoji mashahidi, ikambidi ajibu kwa barua na kwa taarifa kwa waandishi wa habari. Katika barua yake kwa mwenyekiti alieleza kwamba kama kosa la Hollywood ni kuuchukia Unazi, basi hakuna haja ya kupoteza muda wa Seneti, kwani kampuni zinakiri. Na akaongeza kwamba kati ya filamu ndefu zaidi ya 1,100 zilizotengenezwa tangu vita ianze, ni kama 50 tu zilizohusiana na masuala ya vita hiyo.

Kazi ya kumbana Nye ilifanywa na mjumbe mmoja wa kamati, Seneta Ernest McFarland wa Arizona. Ilidhihirika kwamba mlalamikaji mkuu alishindwa kueleza yaliyomo katika filamu alizozilaumu. Mahakamani ushahidi wa namna hiyo ungeishia mlangoni.

Picha_Nkuhungu:

Nakubaliana na Wakili kwa sehemu, lakini mimi ni mtayarishaji wa filamu na ninalitazama jambo hili kutokea upande wa aliyetoa fedha. Mawakili mahiri walikuwa wengi New York na Washington. Kwa nini wamtafute yeye? Kwa sababu tuhuma za maseneta zilikuwa na mkia wa kisiasa: Hollywood ilidaiwa kuwa ngoma inayopigwa na Ikulu ya Roosevelt. Ukishatuhumiwa kuwa mtu wa Roosevelt, kinga bora kuliko zote ni kusimama nyuma ya mtu aliyepambana na Roosevelt na kupata kura zaidi ya milioni 22. Kwa hiyo hawakununua sheria peke yake. Walinunua pia rangi ya chama chake na jina lake. Hilo, Mwalimu, wanafunzi wako wasiliruke.

Hata hivyo sitaki tumfanye Willkie kibaraka. Tayari mwezi Januari 1941 alikuwa amekwenda London wakati mabomu yakianguka, na baadaye akasimama mbele ya kamati ya Seneti ya mambo ya nje kuunga mkono mpango wa kuipatia Uingereza silaha, jambo lililowaudhi wengi ndani ya chama chake. Msimamo wake dhidi ya Hitler ulitangulia ada. Tena chini ya uchunguzi ule kulikuwa na chuki ambayo watu waliitamka nusu nusu. Katika hotuba yake ya tarehe 1 Agosti mjini St. Louis, Nye aliyasoma majina ya wakuu wa kampuni za filamu, mengi yakiwa ya Wayahudi, na kila msikilizaji alielewa anakusudia nini. Vikao vilipokuwa na siku mbili tu, tarehe 11 Septemba, rubani mashuhuri Charles Lindbergh alihutubia Des Moines akiwataja Wayahudi miongoni mwa wanaoisukuma nchi vitani. Wananchi wengi walichukizwa, na kamati ikachafuka kwa tope la jirani yake. Wanaosema Willkie aliishinda kamati kwa ufasaha wake wanamzidishia sifa.

Niongeze la kwetu kidogo. Chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Na. 4 ya mwaka 1976, mtengeneza filamu anahitaji kibali ili apige picha, na filamu ikikamilika inapitia Bodi ya Filamu kupangiwa daraja. Sizilaumu taratibu hizo. Watoto wetu wanahitaji kulindwa. Lakini tasnia yoyote ambayo kazi yake inaanza na kuishia kwenye mhuri wa serikali itakuwa na kishawishi cha kutafuta mkubwa wa kuifahamu. Urafiki wa filamu na siasa mara nyingi haumhitaji mwanasiasa mjanja. Unahitaji msanii mwenye wasiwasi.

Mwalimu_Makole:

Nawashukuru. Wakili, hoja ya hadhi nimeipokea, lakini ina upungufu. Kama tunasema mgongano wa maslahi unasubiri mtu aapishwe, basi kila mtu mwenye nia ya kugombea anaweza kukusanya wanaomdai na wafadhili bila kuulizwa, kisha akaingia ofisini nao wote. Mwanafunzi wangu mmoja ameuita uenyekiti ule wa 1942 "malipo ya awamu ya pili". Nilitaka kumkatalia, lakini sikuwa na jibu la kumshawishi.

Mzee_wa_Kongwa:

Wanangu, nimewasoma wote. Nilikuwa mkaguzi wa hesabu serikalini hadi nilipostaafu, kwa hiyo mnivumilie nikianza na tarehe badala ya sifa za watu.

Mnabishana juu ya uchunguzi wa Seneti, ambao ulikuwa na kelele nyingi na ulidumu wiki chache. Uchunguzi wenye meno ulikuwa mwingine kabisa. Mwezi Julai 1938 Wizara ya Sheria ya Marekani ilizifungulia kesi ya ukiritimba kampuni kubwa nane za filamu, Twentieth Century-Fox ikiwemo. Kampuni tano kati ya hizo zilikuwa zinatengeneza filamu, zinazisambaza, na zinamiliki kumbi za kuzionyesha. Na mwenye ukumbi wa kujitegemea aliyetaka filamu moja yenye nyota aliuziwa furushi zima, nyingine hata hajaziona. Novemba 1940 zile tano zilisaini makubaliano mahakamani, yaliyozipa nafasi ya kujirekebisha kwa miaka mitatu. Agosti 1944 serikali ikaifufua kesi, na Mei 1948 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu iliyofungua njia ya kampuni hizo kulazimishwa kuachana na kumbi zao.

Sasa wekeni maisha ya Willkie juu ya tarehe hizo. Anakalia kiti cha mwenyekiti wa Fox mwaka 1942, makubaliano yakiwa yanaendelea. Mwishoni mwa 1943 muda wa makubaliano unakwisha, na kila mtu katika tasnia anajua serikali itaamua la kufanya. Katika majira hayo hayo Willkie anazunguka kutafuta tena uteuzi wa Republican kwa uchaguzi wa 1944. Rais wa Marekani ndiye anayemteua Mwanasheria Mkuu, na Mwanasheria Mkuu ndiye mkuu wa Wizara ya Sheria iliyoishitaki Fox. Hii ni sawa na mtu kugombea uenyekiti wa kijiji huku kesi ya ng'ombe wake kula mtama wa watu haijamalizika. Wapiga kura wana haki ya kuuliza ataiamua vipi akichaguliwa.

Kwa hiyo mjibu mwanafunzi wako hivi, Mwalimu: kazi ya 1941 ilifanyika hadharani, kwa jina lake, mbele ya waandishi, na kila mtu alijua nani anamlipa. Tatizo halikuwa pale. Lilikuja pale alipobaki kwenye bodi huku akiinyemelea ofisi yenye mamlaka juu ya kesi ya bodi hiyo. Mimi kama mkaguzi ningemtaka achague kimoja kabla ya kufika kwenye kura za mchujo za chama chake katika jimbo la Wisconsin.

Kuna aliyenitumia ujumbe wa faragha akitaka nimzungumzie Ronald Reagan, mwigizaji aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Ni kweli kwamba mwaka 1952, akiwa rais wa chama cha waigizaji, chama hicho kiliipa kampuni ya uwakala ya MCA ruhusa maalumu ya kutayarisha vipindi vya televisheni, na kwamba baadaye alipata kazi nono kwenye kipindi kilichotayarishwa chini ya kampuni hiyo; na mwaka 1962 aliitwa kutoa ushahidi wakati Wizara ya Sheria ikiichunguza MCA. Hakushitakiwa. Lakini alikuwa bado hajawa mwanasiasa wa kugombea, na nisingeuchanganya mfano huo na huu.

Wakili_AreaD:

Mzee wangu, shikamoo. Hoja ya tarehe imenibana, ila naomba tuwe waangalifu na kiasi cha kumhukumu marehemu. Willkie alishindwa vibaya katika kura za mchujo za Wisconsin tarehe 4 Aprili 1944 na akajiondoa mara moja. Kesi ilifufuliwa Agosti, akafariki Oktoba 8 mwaka huo huo. Hakuna siku hata moja ambayo alikuwa na madaraka juu ya kesi hiyo. Tunazungumzia hatari iliyokuwapo, wala si kosa lililotendeka.

Mzee_wa_Kongwa:

Marahaba, mwanangu. Ndiyo, ni hatari, na neno hilo linatosha. Hata fomu za tamko la mali za hapa kwetu hazimsubiri mtu aibe ndipo ajaze. Ningependa tu kuona kama katika hotuba zake za mchujo aliwahi kuulizwa kuhusu kesi ya filamu, na alijibu nini. Yeyote mwenye njia ya kuyapata magazeti ya Wisconsin ya Machi 1944 kupitia maktaba ya chuo chake atusaidie.

Mwalimu_Makole:

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Nimeiandika upya mada ya mdahalo: "Mwenyekiti wa kampuni iliyoshitakiwa na serikali ajiuzulu kabla ya kuomba kuiongoza serikali hiyo." Upande wa kupinga utapewa hoja za Wakili, upande wa kuunga mkono utapewa jedwali la tarehe za Mzee, na maelezo ya ndugu wa Nkuhungu nitayasoma mwenyewe kwa pande zote mbili kabla ya kuanza. Mdahalo ni Ijumaa ijayo saa nane mchana. Nitarudi hapa kuwaeleza upande upi ulibeba kura.