Tupeane uzoefu: sekondari ya binafsi ya intavyu hapa Nairobi, mlichagua kwa kuangalia nini?

Mama Taji
Habari zenu wazazi wenzangu. Jana asubuhi nikiwa steji ya Roysambu saa kumi na moja na nusu, giza bado, basi la shule likasimama mbele yangu na ndani watoto wote wamelala, vipaji vya uso vimeegemea vioo, tai zimefungwa vizuri kabisa. Nilishtuka juu msichana wangu ndiye anafuata. Yuko gredi ya tisa, KJSEA, ule mtihani wa kumaliza gredi hiyo, iko mlangoni, na babake ameshikilia lazima aende sekondari ya binafsi, zile za intavyu, upande wa Lavington. Fomu tushanunua elfu tatu na hairudishwi. Intavyu ni Jumamosi, hesabu, Kiingereza, sayansi, halafu mzazi naye anahojiwa. Nauliza mliopitia, mlichagua kwa kuangalia nini? Matangazo nimesoma yote, nataka ya ukweli.

Baba Donholm
Hapo kwa mzazi kuhojiwa. Niliulizwa nafanya kazi gani kabla hata sijaketi.

Ticha wa Hesabu
Mama Taji, nimefundisha binafsi miaka saba, sai niko ya umma. Sheria ya elimu ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumnyima mtoto nafasi kwa mtihani wake yenyewe, labda imtahini tu ijue atakaa darasa gani. Za binafsi huwa na intavyu zao na kila moja inaamua venye inataka, kwa hivyo usiogope kuuliza karatasi ya mtoto imesahihishwaje na alikosea wapi. Shule inayokataa kukuonyesha karatasi ya mtoto wako mwenyewe ujiulize mara mbili.

Ya pili ni hii mambo mpya. Kundi la kwanza la gredi ya kumi limeingia Januari 2026, na mikondo ni mitatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Shule nyingi za binafsi jina lao lilijengwa na KCSE, mtihani wa mwisho wa fomu foo, lakini hiyo KCSE inaisha 2027. Zile A za zamani hazikwambii kama kuna mwalimu wa somo ambalo Taji anataka. Uliza somo kwa somo, nani anafundisha, na amekaa hapo muda gani. Mimi niliwahi kufundisha fizikia mihula miwili na sikuisomea, na wazazi walikuwa wanalipa.

Nyar Kisumu Ndogo
Angalia choo cha wanafunzi. Si cha wageni, cha wanafunzi. Mengine utaelezwa na mdomo.

Mama wa Umoja
Nilikuwa nimezima simu nilale, nikaiwasha tena. Wacha niandike.

Kijana wangu alifanya KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, 2019 akapata 389. Aliitwa shule ya umma ya bweni, nzuri tu, tukaikataa. Kulikuwa na shule ya binafsi hapa mjini, siitaji, matokeo yake yalikuwa kwa gazeti kila mwaka na picha ya watoto wamebebwa juu juu. Siku ya intavyu foleni ilitoka hadi nje ya geti. Walichukua 40. Simu ya kuniambia amepita ilinipata Gikomba nikifungua belo la suti za watoto, nikaketi juu ya hilo belo nikalia, mama mwenye kibanda akadhani nimefiwa. Babake alichukua mkopo wa sacco, na kishamba tulichokuwa nacho Kangundo kikaenda.

Akaripoti Januari 2020, Machi korona ikafunga kila kitu, akasoma kwa simu yangu hii yenye kioo kimepasuka, nikitoka kazini jioni ndio yeye anaanza darasa. Hakulalamika. Waliporudi akawa mtoto wa C+, muhula mwingine B-, si wa kwanza na si wa mwisho. Mimi nilikuwa naona ni sawa, anapanda pole pole.

Novemba 2022, anamaliza fomu thrii, naitwa shuleni. Deputi ameweka karatasi mbili mezani, ameshazichapa, zinangoja sahihi tu. Moja inasema nakubali mtoto asajiliwe KCSE kwa kituo kingine, kashule sijawahi kukasikia, lakini aendelee kusoma hapo hapo, sare ile ile na karo ile ile. Ya pili ni barua ya kuhama. Nikauliza mtoto amekosea nini. Akaniambia kwa upole sana, "Mama, huyu ni kijana mzuri, shida ni wastani tu." Kijana alikuwa kando yangu, na nilikuwa naona mkono wake, anaviringisha ncha ya tai hadi inafika shingoni, anaiachilia, anaviringisha tena. Hakusema neno mpaka tukafika nyumbani. Hapo mlangoni akaniuliza, "Mathe, kwani mimi huwa nahesabiwa lini?"

Nilichukua ya kuhama. Alimalizia shule ya kutwa ya umma hapa Eastlands, miezi kumi tu, wakampokea bila maneno mengi. Alipata B-. KUCCPS, wale wa serikali wanaogawa nafasi za vyuo, wakampeleka chuo kikuu na anaendelea vizuri. Lakini ile tai iko kwa droo yangu. Alisema nisiitupe na nisimwonyeshe.

Kwa hivyo Mama Taji swali lako ni moja. Waliingia wangapi na walifanya mtihani kwa jina la shule wangapi. Kwetu waliingia 40, walioandikwa kwa matokeo ni 26. Ule wastani wa kwa gazeti ni wa hao 26. Wale 14 karo zao zilikubaliwa hadi siku ya mwisho.

Baba Donholm
Pole sana dadangu. Nimesoma nikiwa kwa matatu nimepitishwa steji.

Wanjugu
"Kwani mimi huwa nahesabiwa lini." Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mzazi wa Lang'ata
Pole mama, lakini wacha niseme ukweli hata kama utauma. Hizo shule zinasema mapema kwamba ziko kwa maksi. Msichana wangu alikuwa mvivu, kule wakamsukuma, kila Ijumaa ripoti kwa simu, leo anasomea uhandisi. Kama hawangekuwa wakali hangefika. Mtu akiingia shule ya kuchuja ajue kuna kuchujwa.

Mama wa Umoja
Alichujwa siku ya intavyu na akapita. Nionyeshe mahali niliposaini kwamba kuna mchujo mwingine baada ya miaka mitatu ya karo. Wako akisukumwa ni sawa, wangu hakusukumwa, alitolewa.

Mzazi wa Lang'ata
Sijasema ni haki. Nasema ndio hali.

Ticha wa Hesabu
Hapana, hali ya nani? Nilikaa kwa hiyo mikutano. Mwalimu anapewa majina kumi anaambiwa aweke alama, hawa hawatatufikisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto aliyepita intavyu na 80 amefika C. Swali hilo lingetuangukia sisi, ndio maana halikuulizwa. Mimi niliweka alama mara moja. Mwaka uliofuata niliondoka na bado nayakumbuka yale majina. Mzazi wa Lang'ata, furahia binti yako, lakini usimtetee mtu aliyemfanyia mwenzako hivi.

Kijana wa Karen Zamani
Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mojawapo na nilisoma kwa skolashipu. Kulikuwa na mwalimu wa kemia anabaki maabara hadi saa kumi na mbili jioni na sisi wanne tusioelewa moli, halipwi zaidi, anatutengenezea chai kwa bika la maabara (sijui kama inaruhusiwa). Bila yeye singekuwa mfamasia. Msiogopeshe mama wa watu, ziko nzuri. Tatizo langu lilikuwa Jumatatu, wenzangu wakiulizana wikendi walienda wapi. Mwandalie msichana hilo, linachosha kuliko hesabu.

Cucu wa Ngara
Mnasahau Starehe, ile shule ya wavulana hapa Nairobi. Ilianzishwa 1959 na Geoffrey Griffin, na ya wasichana ikafunguliwa 2005. Wanataka mtoto mwerevu wa familia isiyojiweza, kwa hivyo huko umaskini si aibu ya kuficha kwa fomu, unaandikwa wazi. Kama hali ni ngumu mjukuu wangu usiuze shamba. Shamba halirudi.

Mama Taji
Cucu asante, hatujafika huko lakini nimesikia ya shamba.

Dereva wa Jogoo Road
Nenda saa kumi jioni simama nje ya geti, usiingie. Angalia wakitoka. Wakitoka wakicheka peleka, wakitoka wananyamaza rudi nyumbani. Nimebeba watoto wa shule tatu tofauti, sijawahi kukosea.

Wanjugu
Wengine ni bweni hawatoki saa kumi. Na bweni ndio afadhali, huyo wa saa kumi na moja asubuhi kwa basi atasoma saa ngapi?

Nyar Kisumu Ndogo
Bweni la binafsi na mtoto wa miaka 15? Hapana. Kutwa, ukae naye meza moja jioni uone uso wake. Mama wa Umoja angejua mapema.

Mama wa Umoja
Nilikuwa naona uso wake kila jioni. Alikuwa anajua kuuficha.

Nyar Kisumu Ndogo
Nisamehe mama. Nimeandika bila kufikiria.

Baba wa Mapacha
Jambo lingine la karo. Ile karatasi wanayokupa ina karo peke yake. Uliza basi, chakula, sare ambayo lazima ununue duka lao, vitabu, tableti, safari, pesa ya tahadhari na kama inarudishwa. Mimi niliongeza yote nikapata karibu nusu ya karo tena juu yake, na nilikuwa na wawili. Pia kama ni IGCSE, ule mtihani wa mfumo wa Uingereza, jua kwamba ile pekee haimalizi, bado kuna A-level mbele, miaka miwili mingine ya karo. Mimi sikuuliza nikaambiwa akiwa anamaliza.

Baba Donholm
Na kila kitu waandike. Mimi niliahidiwa punguzo la ndugu kwa mdomo, prinsipo akabadilishwa, ahadi ikaondoka na yeye.

Mama Taji
Nimerudi. Leo mchana nilipiga simu nikauliza lile swali la Mama wa Umoja, walioingia wangapi, waliofanya mtihani wangapi. Sekretari alinyamaza kidogo akaniambia nipige Jumatatu prinsipo akiwa. Nikamwambia intavyu ni Jumamosi. Akasema ndio, lakini hilo swali ni la Jumatatu.

Nimeongea na babake. Jumamosi atafanya juu amejitayarisha na sitaki aone tumemnyang'anya, lakini zile shule 12 za kuchagua kwa mfumo wa serikali tunazijaza leo usiku tukiwa na yeye, kwa makini, si kama za akiba. Na hakuna pesa nyingine itatoka kabla ya hiyo Jumatatu. Nilimsomea Taji hadithi ya tai. Akaniuliza huyo kijana anaitwa nani, nikamwambia sijui. Akasema Mama wa Umoja amwambie pole.

Mama wa Umoja
Mwambie Taji nimefikisha. Ametabasamu.

Mama Taji
Asante mama. Na kuna mtu anajua kama nitapata ya kutoka Roysambu hadi Lavington bila kushuka tao?

Dereva wa Jogoo Road
Hakuna mama. Shuka tao upande matatu za namba 46, inapitia Valley Arcade. Jumamosi barabara ni afadhali lakini toka saa kumi na mbili, na mtoto ale kwanza.