Naomba ushauri: dume na jike wa mijusi wa majabali nawatofautishaje?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha baiolojia hapa Dodoma. Wanafunzi wangu wanataka kuhesabu mijusi wanaoota jua kwenye majabali nyuma ya shule, wale wa jamii ya agama wanaotikisa vichwa. Dume mkuu hana utata: kichwa chekundu, mwili wa buluu, umbo kubwa. Shida ni wale wa kahawia. Majike wana rangi hiyo, lakini madume wachanga nao wanayo, na hata dume mkubwa hufifia kukiwa na baridi. Rangi peke yake haitoshi.

Mijusi wa Marekani waitwao anoli ni rahisi kidogo, dume hukunjua ngozi pana chini ya koo kama upepeo. Wetu hawana. Dume la agama lina safu ya magamba yenye vitundu mbele ya tundu la haja, ila kuiona lazima umshike, nami sitaki kabisa watoto wawashike. Mkia unaweza kukatika.

Kuna aliyewatofautisha kwa darubini tu? Mliangalia nini: shina la mkia, upana wa kichwa, au tabia? Tunataka kuanza kabla ya mvua.